Sifuri Yangu ya Almasi

Jiwe lenyewe lilikuwa moja kabla hatujaligawa. Lilifika karakana asubuhi moja ya kiangazi, upepo wa Dodoma ukipiga vumbi kwenye mabati, nalo limefungwa ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa kwa mkunjo wanaoujua watu wa madini peke yao. Mzee alilifungua mbele yetu, akaliweka juu ya kitambaa cheusi. Halikuwa na uzuri wowote. Ungelikuta njiani ungesema ni kipande cha shabu kilichomdondoka mtu.

"Hili limetoka Shinyanga kwa kibali," akasema. "Nitalipasua katikati. Kila mmoja wenu atachukua nusu yake, aikate anavyojua."

Tulikuwa wawili tu tunaokata, mimi na mwanamke niliyemwita Dada kwa sababu alinizidi umri kiasi cha mtu na mama yake mdogo. Mzee ndiye aliyekuwa mwenye karakana na mwalimu wetu. Alikuwa ametumika miaka mingi katika ofisi ya serikali ya madini pale mjini, akichunguza mawe yaliyoletwa kutoka kila pembe ya nchi. Ilipofika ile miaka ya ruksa, mtu binafsi akaruhusiwa kufanya kazi ambazo zamani zilikuwa za mashirika ya umma, aliomba kustaafu mapema, akaagiza nje meza mbili kuukuu za kusagia almasi, akazifunga katika nyumba moja upande wa reli. Alipoandika ukutani kwamba hapo pana kusaga na kung'arisha, wiki ile ile akina mama walifika na ndoo za mahindi. Mzee alikuwa akitoka nje kuwaeleza kwa upole, na mmoja aliondoka akinung'unika kwamba mashine gani hiyo isiyosaga hata dona.

Dada alikuwa mtoto wa mjini. Babu zake walikuja na misafara ya zamani ya biashara, wakatua Dodoma, wakaoa, wakajenga, wakazikwa hapo hapo. Yeye alikuwa fundi cherehani mwenye jina. Kisha mitumba ikajaa sokoni, na watu wakaacha gauni la kushonesha, wakawa wanainama kwenye marobota kuchagua. Hakulaumu mtu. Alifunika cherehani yake kwa kanga, akaja kwa Mzee kuuliza kama mikono iliyozoea sindano inaweza kuzoea jiwe.

Mimi nilitoka Mlali, kwetu ni wakulima na wafugaji, Wagogo wa Kanisa. Nilikuwa binti niliyemaliza kidato cha nne, nikawa nakaa kwa shangazi mjini nikingojea kazi isiyokuja. Shangazi ndiye aliyesikia kuna mzee anatafuta vijana wenye mkono usiotetemeka. Nilipokwenda, Mzee hakuniuliza vyeti. Alinipa msumari na tupa, akaniambia nichonge ncha iwe na pande nne zilizo sawasawa. Nilikaa chini nikachonga mpaka jua likahamia ukuta wa pili. Aliutazama ule msumari kwa kioo chake cha kukuzia, akaniambia nije kesho.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Almasi haisagwi na kitu kingine ila almasi. Kuna sahani nzito ya chuma inayozunguka kwa kasi, unaipaka mafuta yaliyochanganywa na unga wa almasi, kisha unalibana jiwe kwenye kishikio na kuliegemeza pale. Jiwe lina nyuzi zake kama mbao. Ukilisaga upande linaoukubali, linaimba wimbo mwembamba. Ukilisaga upande usioukubali, linalia na halipungui hata kidogo. Basi unatafuta, unageuza, unasikiliza. Ukimaliza, kunatakiwa kuwe na nyuso hamsini na saba, kila moja imetazama pale inapopaswa kutazama. Sehemu ya juu tuliiita kichwa, ya chini iliyochongoka tuliiita kitako, na ule ukingo mwembamba unaozunguka katikati tuliuita kiuno.

Mzee alilipasua jiwe kwa msumeno wa shaba mwembamba kama karatasi. Kazi hiyo ilichukua siku kadhaa, na umeme ulipokatika tulikaa uani tukila karanga mpaka urudi. Zilipotoka nusu mbili, zilikuwa zinakaribiana sana kwa ukubwa. Hapo ndipo Mzee alipotuambia nia yake. Wanunuzi wa nje walikuwa wameanza kudai karatasi ya maabara inayosema mkato wa almasi ni wa daraja gani, na yeye hakujua mafundi wake wako wapi kwenye madaraja hayo. Tena alikuwa anataka kuchukua wanafunzi wapya na alihitaji mtu mmoja wa kuwasimamia.

"Nitayapeleka mawe yote mawili kwenye maabara mbili," akasema. "Moja ya Ulaya, moja ya Marekani. Tusikie wanasemaje."

Dada alikata lake kama alivyokuwa akishona. Hakupenda sana vipimo. Aliinua jiwe dirishani, akalitazama, akalirudisha. Lakini mahali ncha za nyuso tatu au nne zinapokutana, kwake zilikutana kweli, kama mshono wa bega uliokaa. Kiuno alikiacha kinene. Nilimuuliza kwa nini.

"Mdogo wangu, pete inavaliwa na mtu anayeosha sufuria na kutwanga," akasema. "Na sonara wetu akilibana jiwe haliombi ruhusa. Kiuno chembamba kitavunjika, halafu watasema ni fundi."

Mimi nilikuwa mtu wa pembe. Mzee alikuwa na kipimo cha shaba cha kupimia mlalo wa kila uso, nami nilikipenda kuliko kitu chochote mle ndani. Kwa kitako nilitafuta digrii arobaini na moja hivi, ambako mwanga ukiingia juu hauna pa kukimbilia ila kurudi ulikotoka. Ili kufika hapo ilinibidi nisage na kusaga, na jiwe langu likawa dogo kuliko la Dada. Mzee alipita nyuma yangu, akaguna, akaenda zake. Hakunizuia.

Mawe yalipokwisha tuliyaosha kwa spiriti, tukayalaza pamoja kwenye kitambaa kile kile cheusi. Dada alitoka kwenda kuswali adhuhuri, na mimi nikabaki nayatazama mpaka aliporudi.

Yalikwenda Ulaya kwanza. Majibu yalitangulia kwa faksi kwenye duka la vifaa vya ofisi la rafiki yake Mzee, karatasi ile laini inayojikunja. Maabara ya Ulaya ilikuwa inatumia maneno. Mkato wa jiwe la Dada waliuita bora. Wangu waliuita mzuri. Kati ya mzuri na bora kulikuwa na ngazi nyingine, mzuri sana, nami hata hiyo sikuifikia.

Niliumia. Niliendelea na kazi, lakini siku ile kila jiwe lilinililia kwenye sahani. Kesho yake Dada alikuja na vitumbua ndani ya bakuli lililofunikwa, akaliweka kwenye meza yangu, akaenda kwenye meza yake. Hakunipa pole wala hakujisifu. Nilikula vyote.

Kisha yakaenda Marekani, na hayo majibu yalikawia mpaka tukaacha kuyauliza. Yalipofika, Mzee alitukabidhi faksi sisi wenyewe, akasimama pembeni mikono nyuma. Maabara ya Marekani ilikuwa inatumia namba. Kwenye mstari wa mkato, jiwe la Dada lilikuwa na tatu. Jiwe langu lilikuwa na sifuri.

Dada aliweka mkono wake juu ya mkono wangu. "Pole, mdogo wangu," akasema. "Mashindano hayaishi leo."

Machozi yalikuwa yananilengalenga. Shuleni nilikuwa nimeiona sifuri kwa wenzangu, ikiandikwa kwa kalamu nyekundu, na nilijua mtu anavyotembea kurudi kwenye dawati akiwa nayo. Ndipo nikamwona Mzee anacheka bila sauti, mabega yakimtikisika.

"Hebu someni chini," akasema. "Wale wanahesabu makosa. Sifuri maana yake hawakuona kosa katika vipimo. Kumi ndiyo mbaya."

Tulirudia kusoma. Dada akaninyang'anya karatasi, akaisogeza karibu na macho, akanitazama. Kisha akanikumbatia kwa nguvu, bila kujali mafuta ya mashine.

Lakini hapo Mzee alikuwa amekwama. Maabara moja ilimweka Dada mbele, nyingine ikaniweka mimi, na mawe yalikuwa yale yale. Siku ile hatukuwasha mashine mchana. Alituketisha, akaweka karatasi nne mezani, akachukua chaki na kuchora jiwe kwenye sakafu ya saruji, na mistari ya mwanga ikiingia na kutoka.

"Hawa wa Ulaya," akasema, "kwenye vipimo hawakukaza sana. Ukiwa ndani ya mipaka yao mipana, wanakuruhusu upite. Walichokazia ni kazi ya mkono. Ncha zinakutana? Nyuso zimelainika? Kwako, binti, kuna ncha tatu kichwani zimepishana." Akanionyesha. "Hawa wa Marekani kwenye mstari wa mkato wameangalia pembe na uwiano. Kazi ya mkono wameiandika mstari mwingine, na ukisoma huo utaona hata wao wamemsifu Dada yako. Lakini kiuno chake kinene na kitako chake kirefu kidogo, kila kimoja kimemwongezea namba."

Dada alifikiri. "Kwa hiyo hawa wanamtazama aliyeshona, na hawa wanamtazama aliyekata kitambaa."

"Unaweza kusema hivyo."

"Na anayevaa gauni?"

Mzee alifuta chaki mikononi. "Huyo hajaulizwa," akasema.

Jioni ile nilikutana na binamu yangu sokoni. Alikuwa mchuuzi wa mahindi, anakwenda na kurudi na malori ya Kibaigwa, na kutoka Kibaigwa habari ilifika Mlali bila kuchelewa. Nilikuwa nimejaa furaha. Nilimwambia amfikishie Baba kwamba jiwe langu limepimwa Marekani likapata sifuri, na kwamba sifuri kwa wale ndiyo daraja la juu. Nina hakika nilimwambia yote mawili. Binamu alikuwa anapakia magunia.

Siku chache baadaye Baba alitokea mlangoni mwa karakana. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia, mkononi ana kuku aliyefungwa miguu na mfuko wa karanga.

"Mbukwenyi," akasalimu kwa Kigogo, kisha akakumbuka yuko mjini, akasema hodi.

Nilizima mashine, nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akamsalimu Mzee kwa heshima kubwa, akamsalimu Dada, akakataa kiti. Kiswahili cha Baba kilikuwa cha kujifunza ukubwani. Alikizungumza taratibu, akichagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Mzee mwenzangu," akamwambia Mzee, "nimekuja kushukuru. Umemlea mtoto wangu, umempa kazi. Hakuweza. Si kosa lako, na si kosa lake. Nimekuja kumchukua nyumbani, na huyu kuku ni shukrani."

Mzee alinitazama. "Nani amekwambia hakuweza?"

"Habari imefika. Amepata sifuri. Imetoka mpaka Marekani." Hilo la Marekani alilisema chini chini, kama aibu ikivuka bahari inakuwa nzito zaidi.

Dada aligeukia ukutani, kanga mdomoni. Mimi nilitaka kueleza, lakini Mzee aliinua mkono. Alimwomba Baba aketi, na safari hii Baba akaketi. Akamweleza polepole kwamba watu wa maabara ile hawatoi alama za kumsifu mtu, wanaandika makosa, na binti yake hawakumwandikia hata moja. Baba alisikiliza. Akaniuliza kwa Kigogo kama huyu mzee anasema kweli au ananifichia aibu. Nikamwambia ni kweli. Akamgeukia Mzee, akamwuliza:

"Na hawa wengine, wa Ulaya?"

"Hao wamesema mkato wake ni mzuri. Wa mwenzake ndio wamesema bora."

"Wameona mawe haya haya?"

"Haya haya."

"Hawakukaa pamoja wakapatana?"

"Hawapatani, Mzee mwenzangu. Kila mmoja ana sheria yake."

Mzee aliyaleta mawe, yaliyokuwa yamekwisha kurudi, akayaweka kwenye kitambaa karibu na dirisha, akampa Baba kioo cha kukuzia. Baba alikishika mbali, akafumba jicho moja, akaona kope zake mwenyewe. Nilimsogeza mkono. Alipoona, nilijua, maana alivuta pumzi na kuibana. Alitazama jiwe la kwanza kwa muda mrefu, kisha la pili, kisha akarudi kwenye la kwanza.

"Lipi zuri?" Dada akamwuliza.

Baba hakusita. Aliweka kidole karibu na jiwe la Dada, lile kubwa. "Hili."

Dada alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mzee akakohoa. Nilisema, nikimsogezea langu, "Baba, hilo ni lake. Langu ni hili hapa."

Alinitazama, akayatazama mawe tena. Nilidhani atabadili. Mtu mwingine yeyote angebadili.

"Nimeulizwa lipi zuri," akasema. "Sikuulizwa la nani." Kisha akalichukua langu, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, nalo likarusha cheche nyekundu na buluu mpaka kwenye koti lake. Akazitazama zile cheche zikitembea juu ya vifungo. "Hili nalo halina utulivu," akasema. "Ni lako kweli."

Alibaki nasi mchana wote. Kuku hakurudi, alichinjwa uani, Dada akampika kwa nazi, na Baba, aliyeona nazi katika kitoweo mara chache sana, alikula kwa adabu na kuongeza. Baadaye aliomba anione nikifanya kazi. Niliwasha mashine, nikabana jiwe dogo nililokuwa nalo, nikaanza. Alisimama nyuma yangu, kofia mkononi. Sikumwona lakini nilijua yupo. Jiwe lilikuwa linakubali, linaimba ule wimbo wake mwembamba.

Saa ya basi ilipokaribia nilimsikia anamuaga Mzee. Nikanyoosha mkono kuzima mashine ili niinuke nimsindikize, kama mtoto yeyote wa kwetu anavyopaswa.

"Kaa," akasema Baba. "Fundi hasimami kazi ikiwa mkononi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa nafasi njiani. Kabla ya siku ile hakuwa amewahi kuniruhusu kukaa yeye akiwa amesimama, na wala sijui kama aliwahi kumruhusu mtoto wake mwingine. Nikakaa. Alivaa kofia, akatoka na Dada akimsindikiza hadi stendi kwa niaba yangu, na mimi nikaendelea kusaga, kifua kimenijaa mpaka nikaogopa mkono utatetemeka. Haukutetemeka.

Habari za Mlali zilirekebishwa, ingawa si kwa wote. Kwa miaka mingi kulikuwa na bibi mmoja wa kwetu ambaye kila akinikuta kanisani wakati wa Krismasi alinipa pole.

Mzee naye alimaliza lake. Alituita, akasema alikuwa na nia ya kuchagua mmoja na sasa hana tena. Wanafunzi watakaa kwangu kujifunza pembe na kitako, halafu watakwenda kwa Dada kujifunza kichwa na kumalizia. Hakuna atakayetoka bila kupita meza zote mbili. Na sisi wenyewe, akasema, tufundishane kwanza.

Haikuwa rahisi. Dada alinifanya nirudie ncha moja asubuhi nzima, akisema, "Bado. Bado. Hii ni bega la koti la marehemu, halimkai mrithi." Mimi nilimshikisha kile kipimo cha shaba, naye akakishika kama mtu aliyepewa nyoka. Tukabishana juu ya kiuno, na hatujamaliza mpaka leo. Yeye anasema chembamba ni uchokozi, mimi nasema kinene ni uzito uliofichwa mahali mwanga haufiki. Lakini tulilikata jiwe moja pamoja, mimi chini, yeye juu, na lilipokwenda safari ile ile Ulaya walisema bora na Marekani hawakuandika kosa. Mzee alizibandika karatasi zote mbili ukutani, juu kabisa, mahali ambapo ilibidi mgeni ainue kichwa kuzisoma.

Karakana ilidumu mpaka Mzee alipozeeka. Mafundi wa nchi za mbali walikuwa wengi na wa bei ndogo, na almasi zikawa zinapita Dodoma bila kushuka. Tulihamia mawe ya rangi, ya kijani ya kwetu Dodoma na mengine, na hayo hayakuwa na maabara nyingi za kuyagombania. Dada aliweka meza yake katika ua wa nyumba ya wazee wake, kando ya cherehani. Mimi nikaendelea kufundisha.

Wasichana wawili kati ya wale wanafunzi wa kwanza wana meza zao sasa. Mmoja alinipigia simu juzi, akaniomba nipite nimtazamie jiwe kabla hajalituma kupimwa. Nilikwenda. Alinikaribisha kiti, akanipa kioo, akasimama akinisubiri na mikono yake ikinuka mafuta. Nililitazama juu, nikalitazama chini, nikaligeuza dirishani. Nikamwambia alitume.